Siku Moja Maishani Mwangu: Kuufufua Ubao wa Simu Iliyozimika

Saa mbili asubuhi. Kabla ya kuwasha chombo chochote cha joto, nafuta meza, navaa mkanda wa mkononi unaoondoa umeme tuli na kuwasha kifyonza moshi, kwa kuwa moshi wa flaksi (kemikali ya kusafishia metali ili lehemu ishike) huumiza mapafu hata pale ambapo lehemu, yaani metali ya kuunganishia vipuri, haina madini ya risasi. Kazi ya leo ni simu moja iliyoanguka ikazimika kabisa. Mwenyewe anachotaka ni picha zilizomo. Katika simu za kisasa data hufungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya prosesa, hivyo kuihamisha chipu ya kumbukumbu peke yake hadi simu nyingine hakusaidii kitu. Sharti ubao huohuo uamke.

Saa tatu. Nimeuunganisha ubao na pawasaplai ya mezani, volti 4. Kabla sijabonyeza kitufe mkondo ni sifuri, jambo linalonitia moyo, maana njia kuu ya umeme ingekuwa imepiga shoti, ubao ungevuta mkondo papo hapo. Nikibonyeza, mkondo unapanda hadi miliampea 80 hivi, unaanguka, kisha unapanda tena. Chipu ya kugawa umeme inaanza kazi, lakini inakata kabla prosesa haijaamka.

Saa nne hadi saa sita napima tu, na sehemu hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Multimita, kifaa cha kupimia umeme, ikiwa kwenye alama ya dayodi, naweka ncha nyekundu kwenye graundi (upande hasi wa ubao) na kugusa kwa ncha nyeusi koili zote, yaani vipuri vya waya uliozungushwa, zinazoizunguka chipu hiyo, nikilinganisha kila namba na ile ya ubao mzima wa aina hiyohiyo. Hakuna shoti. Hata hivyo, umeme unapowashwa, koili moja haipati volti yoyote. Basi ama chipu imekufa, ama kiungo chake cha lehemu kimepasuka. Naibonyeza taratibu kwa kijiti cha plastiki, na mkondo unavuka miliampea 80 na kuendelea kupanda. Ni kiungo.

Hapa ndipo fundi mwenye haraka hupuliza hewa moto juu ya chipu na kuirudisha simu kwa mwenyewe. Sikubaliani na njia hiyo hata kidogo: nyuso za ufa zimeshika oksidi, na bila kuzisafisha lehemu haishiki sawasawa, hivyo mara nyingi simu huamka kwa muda mfupi tu kisha hufa tena.

Saa saba, mapumziko ya macho.

Saa nane. Prosesa iko jirani kabisa, nayo imegandishwa kwa gundi. Ikipata joto la kupita kiasi, lehemu iliyo chini yake husukumwa nje na picha zote hupotea. Naifunika kwa tepu ya kuhimili joto na kipande cha chuma, napasha ubao kwa chini, kisha naelekeza hewa ya nyuzi 350. Lehemu ya kiwandani isiyo na risasi huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220, lakini shaba iliyomo ndani ya ubao hunyonya sehemu kubwa ya joto. Chipu inanyanyuka bila kulazimishwa.

Saa tisa. Chini ya hadubini pedi moja (kituo cha shaba ambapo chipu huungwa na ubao) ni ya kijivu iliyofifia, nao ndio ushahidi wa ufa niliokuwa nikiutafuta. Nasafisha pedi kwa utepe wa shaba na flaksi nyingi bila kukwangua, kisha naunda vijidonge vipya vya lehemu kwa stensili (kibati chenye matundu) na pasta ya bati asilimia 63 na risasi 37. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umezuia risasi katika vifaa vingi vipya vya elektroniki, lakini kwa ukarabati kama huu naichagua kwa sababu huyeyuka kwa nyuzi 183, na hivyo kuipunguzia prosesa mateso.

Saa kumi. Chipu imerudi mahali pake. Naisukuma kidogo kwa kibanio nayo inajirudisha katikati, ishara kwamba vijidonge vimeyeyuka. Nauacha ubao upoe wenyewe.

Saa kumi na moja jioni. Mkondo unavuka pale ulipokuwa ukikwama, unachezacheza kwenye mamia ya miliampea, na kioo kinaomba nenosiri. Namwita mwenyewe na kumsihi anakili picha zote kabla sijafunga kifuniko, kwa kuwa chipu nyingine zilianguka pamoja na hii, na viungo vyake sijavigusa.