Vitwitwi wa Snettisham

Jana ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Mtu mwenye akili timamu akishamaliza zamu nne za usiku katika nyumba ya wazee hulala hadi adhuhuri. Mimi nilitega kengele ya simu saa kumi na moja alfajiri, nikavaa soksi pea mbili, suruali mbili, fulana tatu na lile koti ambalo mke wangu huliona kwenye video akasema nimekuwa godoro lenye miguu. Kioo cha gari kilikuwa kimeganda. Nikakikwangua kwa kadi ya benki, maana kikwangulio sikioni tangu Desemba. Kisha nikatoka King's Lynn, mji wa mashariki mwa Uingereza, nikaelekea kaskazini hadi Snettisham.

Nilikwenda kwa sababu ya bamvua.

Mtoto wa pwani haelezwi bamvua ni nini, lakini kwa wasomaji wangu wa bara: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Katikati yake ndiyo maji mafu. Kwetu Mida, pwani ya Kenya, bamvua kali hupandisha maji yapata mita 4. Ghuba ya Wash, hii iliyo kati ya Norfolk na Lincolnshire, hupanda mita 6 na zaidi, na kwa kuwa ni bapa kama sinia, yakipwa hubaki tope ambalo hulioni mwisho. Juu ya tope hilo ndipo ndege hula majira yote ya baridi. Siku za kawaida maji huwasogeza tu. Siku chache za bamvua kubwa maji hulifunika tope lote, ndege wakakosa pa kusimama, wakaruka kwa pamoja kuvuka tuta na kutua kwenye mashimo ya zamani ya kuchimba kokoto yaliyogeuka maziwa. Hapo ndipo watu huja kuwangojea, na ukichelewa nusu saa umekosa.

Giza la huku wakati wa baridi nalo ni kichekesho. Saa moja asubuhi bado ni usiku. Jua huchomoza saa mbili, na kufika saa kumi jioni limeshajiendea. Nilitembea juu ya tuta na tochi ya simu, vidole vikiuma hata ndani ya glavu. Tuta lenyewe halikuwekwa kwa urembo. Usiku wa Januari 31, 1953, dhoruba na bamvua vilikutana kwenye pwani hii ya mashariki, na Uingereza ikapoteza watu 307. Nikilipita gizani huwa nalikumbuka hilo, hasa upande wa kulia nikisikia maji yanalamba mawe.

Nilitarajia mabata bukini, wale wenye miguu ya pinki wanaotoka Iceland na Greenland. Hulala kwenye tope la ghuba, na kunapopambazuka huruka kwenda bara kula mabaki ya bitiruti za sukari mashambani, kwa makelele ya watoto wa chuoni waliofunguliwa. Lakini wamekuja kundi moja tu, labda mia mbili. Mzee mmoja niliyemkuta kwenye benchi na chupa yake ya chai akanieleza kwamba mwezi mpevu ulipita juzi tu, na mbalamwezi ikiwa kali mabata hula usiku, alfajiri hawana haraka. Basi bamvua inakupa vitwitwi, hawa ndege wadogo wa ufukweni, na kukunyima mabata. Huwezi kupata vyote. Nilijiona mjinga kidogo: mtoto wa mvuvi kuelezwa habari za mwezi na Mzungu!

Nasema vitwitwi kwa sababu sina jina jingine. Ndege mwenyewe huku huitwa knot, ambalo masikioni mwangu ni noti, na siku za mwanzo nilidhani wenzangu kazini wanazungumzia pesa. Ni mkubwa kidogo kuliko kwenzi, mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, hana la kutazama akiwa peke yake. Jina lake la kisayansi, Calidris canutus, huhusishwa na mfalme Canute, ambaye hadithi inasema aliweka kiti ufukweni akaiamuru bahari isipande, ikampandia miguuni. Sijui kama mfalme alistahili, lakini ndege anastahili: maisha yake yote ni kusogezwa na maji.

Kulipopambazuka nikarudi nyuma kidogo kutazama. Maji yalikuwa yamebakisha ulimi mmoja wa tope, nao ulikuwa mweusi. Nikadhani ni majani ya bahari. Kumbe ni wao, makumi ya maelfu, wamebanana bega kwa bega wanatembea taratibu mbele ya maji kama watu wanaosogea kwenye foleni. Walioko nyuma, miguu ikishalowa, huruka juu ya wenzao na kutua mbele, na foleni ikawa inajikunja hivyo mpaka tope likaisha.

Kisha wakainuka.

Nimewaona mara tatu sasa na bado sijapata namna ya kulisema. Lililo karibu zaidi ni fungu la dagaa linapoingiliwa na jodari: linavimba, linapasuka, linajikusanya, na hakuna dagaa anayegongana na mwenziwe. Wakigeuza migongo ni kivuli, wakigeuza matumbo wote kwa mara moja anga inamwekamweka nyeupe. Kipanga mmoja alipita, nalo fungu likatobolewa kama kitambaa likajiziba. Halafu wakaja juu ya vichwa vyetu, chini kabisa, na hapo hakuna aliyesema neno. Hawalii. Ni mabawa tu. Ile sauti ya doti ya khanga mpya inapochanwa katikati dukani, chaaa, lakini haiishi, inachanika dakika nzima.

Tukaingia kwenye kibanda cha mbao kuwatazama wakiwa wametua. Hapa ndipo nilipofanya kosa. Nilitoa mkono na simu nje ya kidirisha ili nipate picha nzuri, na safu nzima ya ndege weusi kwa weupe wenye midomo ya rangi ya chungwa ikashtuka ikasogea hatua tatu. Yule mzee akanigusa kiko cha mkono, polepole, bila kunitazama. Nikaurudisha. Tukakaa. Baada ya muda walitulia, na nikamchagua kitwitwi mmoja aliyekuwa karibu, mwenye pete ya chuma mguuni, amesimama kwa mguu mmoja, mdomo ameufukia mgongoni. Upepo ulipovuma manyoya ya shingo yaliinuka yakalala. Jicho alilifumba, akalifumbua, akalifumba. Basi. Ndege wa kutoka Greenland au Kanada ya kaskazini, anasinzia kama abiria wa matatu.

Huyu hula kome wadogo. Hana meno wala hajui kuwafungua. Huwameza na magamba yao, na firigisi ndiyo huyasaga. Ncha ya mdomo inaweza kuhisi gamba lililozikwa topeni bila kuligusa. Nilipolisoma hilo nilikumbuka ni firigisi ngapi nimekula maishani bila kufikiria kazi yake.

Na hapa nitaungama. Mida, majira ya kaskazi, ufuko hujaa vitwitwi wa kila namna, na sisi tulikuwa tunawapiga kwa manati tukitoka chuoni. Sikuwahi kujua kwamba wapo zaidi ya aina moja. Wote vitwitwi, isipokuwa sululu, kwa sababu ya ule mdomo wake mrefu uliopinda. Nimevuka bahari, nimefika miaka arubaini, ndipo nikanunua darubini ya mkono wa pili na kujifunza kwamba yule anayekimbizana na wimbi, mbele na nyuma kama mtoto, ni ndege mmoja, na yule anayepindua mawe ni mwingine, na yule mnene wa kijivu anayesimama peke yake kana kwamba amegombana na ukoo ni mwingine tena. Wote watatu wapo Norfolk wakati huu wa baridi. Wote watatu wapo Mida muda huu huu. Sisemi ni wale wale, kila mmoja ana njia yake kutoka kaskazini ya mbali. Lakini ni kabila moja, na nilihitaji baridi ya nyuzi mbili chini ya sifuri kunifundisha majina ya majirani zangu. Kitwitwi wa pete huyu, kwa kawaida, kwetu hafiki.

Njiani kurudi nilimwona yangeyange, au ndugu yake wa mdomo mweusi na vidole vya njano, amesimama kwenye mfereji uliofanya barafu kingoni. Nilicheka kwa sauti. Hawa huku ni wageni kama mimi: walianza kuzaliana Uingereza mwaka 1996 tu. Manyoya yao ni miongoni mwa yaliyoleta kelele zote. Karne ya kumi na tisa wanawake wa Ulaya waliyavaa kwenye kofia, ndege wakachinjwa kwa wingi, na mwaka 1889 wanawake wengine wakakasirika wakaanzisha chama cha kuwalinda ndege. Chama hicho leo ndicho RSPB, wenye hifadhi hii ya Snettisham. Kwa hiyo kibanda nilichotolea mkono kimejengwa, ukifuatilia nasaba, kwa ajili ya yangeyange.

Bundi pia nilimwona, mweupe, anaruka mchana kweupe juu ya majani makavu, bila sauti hata kidogo. Watu watatu walisimamisha magari wakafurahi. Mimi nilifurahi vilevile. Halafu nikapiga simu kazini kuuliza kama wazee wote wameamka salama.

Walikuwa salama.

Wikendi ya mwisho ya mwezi huu ni ile hesabu ya ndege wa bustani, inayofanywa tangu 1979. Unakaa saa moja dirishani na kuandika idadi kubwa uliyoiona kwa wakati mmoja, si jumla, maana shomoro yuleyule atakurudia mara kumi. Mwaka jana nilipata njiwa wawili na shomoro wanne. Si matokeo ya kujivunia, lakini nitakaa tena.

Saa nne nilikuwa nyumbani, chai ya tangawizi mkononi. Nikamtumia mjomba kule Mida video niliyoipiga asubuhi, naye akanipigia palepale.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona uso umevimba?"

"Baridi, mjomba."

"Hawa si vitwitwi hawa?"

"Ndio."

"Na Wazungu wote hao wameamka usiku kuja kutazama vitwitwi?"

"Wote. Na mimi."

Alinyamaza kidogo. Nikajua kinachokuja ni kicheko au mawaidha.

"Maji yalijaa saa ngapi huko?"

"Saa moja na ushei asubuhi."

"Huku yalijaa kwenye adhana ya alfajiri. Yalifika mpaka kwenye ule mkoko tuliokuwa tukifunga dau la babu yako. Sasa yanarudi tena."

Akaigeuza simu kunionyesha. Picha ilikwamakwama, jua limepiga kioo, ikatulia. Tope, mikoko, na kando ya maji nukta nyingi ndogo zinakimbia. Nikamwambia asogee karibu nizione ni za aina gani.

"Wataruka," akasema, akabaki pale alipo.