Nilivyopanga mlo wa siku mbaya za mgongo kwa kutumia simu

Nimechoka kuambiwa "acha wanga, mgongo utapona." Maumivu yakishapita miezi 3 huitwa sugu, na kwa wengi wetu mishipa ya fahamu yenyewe imekuwa myepesi kushtuka, hata jeraha likiwa limeshapona. Hakuna chakula cha kuzima hali hiyo kwa wiki moja. Mlo umenisaidia sana, lakini kupitia usingizi, choo, misuli, na tumbo linalohimili dawa.

Kituo ninakofanyia fiziotherapia (tiba ya mazoezi) kiliniunganisha na mtaalamu wa lishe kupitia programu ya simu. Programu yenyewe ilikuja imepangwa kwa watu wanaopunguza uzito. Nikila yai la pili, duara la kwenye skrini linaloonyesha nimekula kiasi gani linageuka jekundu, na huku mtaalamu wa mazoezi anataka nijenge misuli ya kiuno! Mwenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika ana sababu ya kupungua, maana kila kilo inayotoka huondoa mzigo wa takriban kilo 4 kwenye goti katika kila hatua. Mimi sikuwa na uzito wa kupunguza. Tukabadilisha lengo kwenye mipangilio, duara likatulia. Angalieni hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kabla ya hapo kuna mtu alinishikilia niache ngano, maziwa, nyanya na viazi kwa mpigo. Nikaacha vyote, na nikaandika kila kitu. Rekodi ilionyesha wazi: maumivu yalibaki palepale, mlo ukapungua, choo kikagoma (nilikuwa kwenye dawa kali za maumivu za jamii ya opioidi, ambazo hufunga choo), na kwenye mazoezi nikawa naona kizunguzungu. Mtaalamu wa lishe alipoiona alinirudishia vyote, akaongeza maharage, mboga, matunda na maji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi, zile zinazolainisha choo, kwa siku. Mimi sikuwa hata karibu.

Sasa kuhusu mbinu ninayojivunia. Kuandika mlo ukiwa na maumivu ni adhabu, kwa hiyo nikawa napiga picha ya sahani kabla ya kula, kisha narekodi sauti fupi: namba ya maumivu kutoka 0 hadi 10, nimelalaje, dawa nimemeza saa ngapi. Basi. Picha zilipojipanga, mtaalamu akaniandikia: "Dada, siku zako nzuri hazina tatizo. Nitumie siku mbaya." Siku mbaya zilikuwa biskuti na chai, na dawa ya kupunguza uvimbe juu ya tumbo tupu. Hapo ndipo kiungulia kilipokuwa kinatoka! Siku inayofuata sina nguvu, naruka mazoezi, mgongo unakaza zaidi.

Tukaacha kupanga mlo wa wiki. Tukatengeneza orodha moja tu ya siku mbaya: vitu ninavyoweza kuandaa nimekaa, bila kuinama wala kunyanyua sufuria nzito. Mayai yaliyochemshwa tayari, maziwa ya mgando, samaki wa kopo, ndizi, maharage yaliyogandishwa kwenye vibakuli vya mlo mmoja. Vibakuli vinakaa rafu ya usawa wa kifua. Siku nzuri napika sufuria moja, napumzika, naendelea. Sipiki ya wiki nzima kwa kishindo, maana kesho yake nitailipia. Namba ikifika 7, nabonyeza orodha, sifikirii.

Kahawa ya jioni nayo ilijifichua kwenye zile sauti. Nusu ya kafeini huchukua takriban saa 5 kutoka mwilini, na nikilala vibaya maumivu ya kesho yake hupanda. Niliihamishia asubuhi.

Wanaoniuliza kama wanunue programu ya kulipia: ulizeni kwanza kama kuna mtaalamu anayesoma mnachotuma, na kama anawasiliana na daktari wenu. Programu inayojibu yenyewe, bila mtaalamu, ilishawahi kunipendekezea vidonge vya bizari ya manjano. Mtaalamu alivikataa hadi daktari aangalie dawa zangu, kwa sababu vinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Dozi zangu daktari ndiye aliyezipunguza, akiwa na ile rekodi mezani. Maumivu bado yapo. Ila mazoezi siruki tena, na kiungulia kimekwisha.