Hema Chini, Moto Juu

Tulifika bwawani saa 11 kasoro jioni, watatu: mimi, mdogo wangu, na binamu yetu aliyebeba hema. Njia ya wakata miti ilikuwa imeishia kwenye gogo lililolazwa kuzuia magari, na kutoka pale tulitembea dakika 40 ndani ya msitu wa misonobari, mita 2400 juu ya usawa wa bahari, mpaka maji yakajitokeza kati ya mashina. Kulikuwa shwari. Ng'ambo tuliuona ukuta wa bwawa, na upande wetu ufuko mpana wa mchanga, tambarare, msafi kama uliofagiwa.

Ndani ya saa moja tulikuwa tumeshakosea mara mbili. Hema tulilipiga chini, kwenye ule mchanga. Moto tukauwasha juu, chini ya misonobari. Ilitakiwa iwe kinyume chake.

Bwawa la kujengwa si ziwa. Ziwa la asili lina ukingo ulioishi na maji miaka na miaka: matete, nyasi, mizizi iliyozoea kuloa. Bwawa hujazwa na kupunguzwa na watu, kwa ajili ya mashamba, mabomba ya mjini au mitambo ya umeme, na mmea unaozamishwa miezi kadhaa kisha ukaachwa juani miezi mingine hauishi. Ndiyo maana kati ya msitu na maji kuna ukanda mtupu unaolizunguka bwawa zima. Ukanda ule ulitupendeza kwa utupu wake. Humo mlikuwa na visiki vya kijivu, mizizi ikiwa wazi kama vidole baada ya udongo kuoshwa, nasi tukaanikia mataulo juu yake. Ilikuwa miti iliyokatwa kabla bonde halijajazwa. Tulikuwa tumepiga hema sakafuni mwa bwawa.

Dalili zilikuwepo, tena si za kufichika. Mita chache chini ya miti ya kwanza ulipita mstari wa takataka za msituni: koni, vipande vya magome, vijiti, na majani ya misonobari yaliyosokotana kama kamba, umefuata kila kona ya ufuko kwa urefu uleule. Ule ndio ukomo wa maji yanapojaa. Kwenye miamba ulionekana wazi zaidi, kwa kuwa juu ya mstari jiwe lilikuwa na madoa ya kuvumwani, ule utando mkavu unaoota juu ya mawe, na chini yake limepauka, tupu. Atakaye kulala bwawani autafute mstari huo kabla hajatua begi, kisha apande juu yake. Sisi tuliuruka.

Hema lilisimama kama mita 5 kutoka majini. Vigingi vyetu vya sentimita 18 havikushika mchangani. Ukikaza kamba, kigingi kinachomoka chenyewe. Binamu yetu alijua dawa yake. Alichimba shimo la sentimita 30, akafunga kamba katikati ya kijiti kinene cha urefu wa mkono, akakilaza shimoni kikiwa kimekingama na kamba, akakifukia na kukanyaga mpaka mchanga ukagoma kubonyea. Alifanya hivyo pembe zote nne. Kazi ilikuwa nzuri kabisa, na baadaye ndiyo iliyotupa taabu ya kuling'oa hema gizani.

Lile lilikuwa bwawa la pili katika mlolongo wa mawili ya umeme, moja juu ya jingine kwenye mto uleule. Jioni watu wanapowasha taa na majiko, bwawa la juu hufunguliwa mitambo izunguke, na maji yaliyokwisha kufanya kazi huingia la chini. Hesabu yake ni fupi. Ufuko wetu ulipanda mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo. Kwa mteremko huo maji yakipanda sentimita 25 tu, hula mita 5 za ufuko. Kwenye ukingo wa mwamba uliosimama wima usingeona tofauti hata ukikodoa macho. Kwenye tambarare nzuri ya kulalia, maji yanakufikia mlangoni. Kadiri ufuko unavyovutia ndivyo unavyofunikwa upesi. Kipimo chake ni kijiti kimoja: kichomeke pale maji yanapogusa mchanga, urudi baada ya nusu saa. Kikiwa kimesimama ndani ya maji, hamisha vitu vyako wakati bado unaona.

Mdogo wangu ndiye aliyeamka, saa 6 usiku na dakika kadhaa. Alihisi kitu cha baridi chini ya kiwiko.

"Kaka," aliniita, kwa sauti ya chini kabisa. "Kaka, viatu vyangu vinaelea."

Nilimulika tochi nje. Viatu vilikuwa barazani mwa hema, kimoja kimelala ubavu, vikizunguka taratibu ndani ya kina cha vidole vitatu. Hapakuwa na wimbi wala mvumo. Maji ya bwawa hupanda kimya, na mtu aliyezoea mto asitegemee kuyasikia.

Tulitoa kwanza mifuko ya kulalia, kisha mabegi, hema mwisho. Kamba tulizikata kwenye vile vijiti vilivyofukiwa. Hapakuwa na namna. Mfuko wa mdogo wangu ulikuwa umeloa kuanzia miguuni hadi kiunoni. Ulikuwa wa manyoya ya bata, na manyoya yakiloa hushikamana vibonge, hewa iliyokuwa ikishika joto ikatoweka. Mifuko ya nyuzi za viwandani ni mizito zaidi, lakini hata ikiloa hubakiza sehemu ya joto lake. Kwenda kulala kando ya maji ningechagua hiyo.

Juu ya mstari, kabla ya kutandaza chochote, tulimulika matawini. Ni jambo ambalo watu wengi hulisahau chini ya misonobari. Matawi ya chini ya mti huu hufa kwa kukosa jua huku yale ya juu yakiendelea kukua, na mengine huvunjika yakanasa, yakingoja upepo tu. Mti mkavu mzima ukae mbali nao mara moja na nusu ya urefu wake. Na palipo na udongo mwembamba juu ya mwamba, mizizi ya msonobari hutambaa kwa upana badala ya kwenda chini, kwa hiyo hata mti mbichi unaweza kulala na upepo, mizizi yote ikifumuka. Tulitupa nafasi mbili, tukakubali ya tatu, ambayo ilikuwa imeinama kidogo. Vichwa tuliviweka upande wa juu.

Vigingi navyo vilikuwa na shida yao. Tabaka la majani makavu lilikuwa na kina cha kama sentimita 10, na kigingi cha sentimita 18 kikipita humo kinabakiwa na 8 tu za udongo wa kweli. Ukiparua majani pale kigingi kinapoingia, ukakipigilia kikiwa kimeegemea nje, mbali na hema, kinashika. Kamba za nailoni zikipata umande hulegea, kwa hiyo tulizikaza tena kabla ya kuingia ndani.

Jambo moja lilitushangaza. Kutoka ufukoni hadi pale tulipanda kimo kisichozidi mita 8, lakini baridi ilipungua tukaihisi. Usiku mtulivu hewa ya baridi ni nzito, huteremka milimani na kujikusanya chini bondeni kama maji yenyewe. Matawi nayo huzuia joto la ardhi lisipotelee lote angani. Kule chini hema lilikuwa limelowa umande ndani na nje. Juu, chini ya miti, lilikuwa limelowa kidogo tu.

Tulitaka kuchemsha maji ya chupa ya kuweka miguuni kwa mdogo wangu, na jiko la gesi likagoma. Mwali ulitoka wa manjano, mfupi, ukanyong'onyea. Mtungi ulikuwa wa butani tupu, na butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri. Kabla hata haijafika hapo, nguvu yake imeshakwisha, kwa sababu mtungi wenyewe hupoa zaidi gesi inapotoka. Isobutani huvumilia hadi karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, propani hadi 42. Mtungi wa mlimani uwe na mchanganyiko wa hizo. Binamu yetu aliuweka mtungi ndani ya koti, kifuani, kwa robo saa, kisha akausimamisha ndani ya sufuria yenye maji ya bwawa kina cha vidole viwili. Maji yale, ingawa yalikuwa baridi kwa mkono, yalikuwa na joto kuliko mtungi, na hilo lilitosha. Kuupasha mtungi kwa moto ni kutafuta mlipuko. Kuliingiza jiko ndani ya hema lililofungwa ni hatari nyingine, kwa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kwenye mita 2400 maji huchemka karibu na nyuzi 92. Kwa chupa ya miguuni hiyo inatosha. Kwa maji ya kunywa tuliyaacha yatokote dakika 3, badala ya 1 inayotosha nyanda za chini. Na tuliyateka mbali na kona moja yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, kwa maana sumu ya mwani wa aina hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mdogo wangu alilala na chupa kati ya mapaja, ndani ya mfuko wa binamu, na binamu akajifunika makoti yote yaliyobaki.

Asubuhi maji yalikuwa yamerudi nyuma. Mchanga ulikuwa laini tena, umesawazishwa, ila mistari mingi myembamba ya unyevu, mmoja chini ya mwingine. Yeyote ambaye angefika saa ile angelipiga hema palepale.

Nilidhani mambo yamekwisha. Kisha nikanusa moshi.

Moto wetu wa jioni tuliuwasha kama mita 15 juu ya ufuko, kwenye uwazi kati ya misonobari minne, ili tuukwepe upepo wa bwawani. Tuliparua majani makavu ya juu, tukapanga mawe duara, tukapika. Kabla ya kulala tulimwaga sufuria moja ya lita 2, mvuke ukapanda, tukafunika kwa udongo mweusi, tukaridhika. Kila hatua katika hizo ilikuwa na kasoro. Chini ya majani makavu kuna majani yaliyooza nusu, na chini yake mboji nyeusi, na yote mawili huungua. Tulichoparua kilikuwa kifuniko tu. Udongo halisi, wa mchanga na changarawe, ulikuwa sentimita 12 chini. Mboji haiwaki kwa mwali. Huungua kama udi, polepole, ikitambaa. Maji nayo hayakuingia, maana majani ya msonobari yana nta na mboji iliyokauka husukuma maji pembeni. Na ule udongo tuliofunikia ulikuwa mboji ileile. Wachoma mkaa hufunika tanuri lao kwa sababu hiyohiyo, moto uishi muda mrefu kwa hewa kidogo.

Moshi ulitoka mita moja na nusu nje ya duara la mawe, uzi mwembamba wa buluu, kwenye shina la msonobari mmoja. Juu yake majani yalikuwa makavu, hayajaungua, yanapendeza. Binamu yetu alipoyafunua kwa koleo dogo la kuchimbia choo, tuliona mzizi wa unene wa kifundo cha mkono, na ndani yake wekundu ukipumua. Moto ulikuwa umeufuata mzizi kama mtu anayefuata njia. Ungefika kwenye shina lenye utomvu, upepo wa mchana ukaukuta hapo, msitu ule wote wa mteremkoni ungekuwa hatarini.

Tulifanya kazi saa mbili. Kwanza mfereji wa upana wa kiganja kuzunguka eneo lote, hadi kwenye changarawe, mizizi yote iliyouvuka ikakatwa. Kisha ndani ya mfereji tulifukua kila kitu, tukapasua mizizi, tukamwaga na kukoroga, kumwaga na kukoroga, mpaka pakawa uji. Ndoo yetu ya kukunja ilibeba lita 10, na tuliteremka bwawani mara saba. Kukoroga kulisaidia kuliko kumwaga. Kila tulipodhani pamezima, koleo lilifunua kaa jingine lililojificha kwenye kibonge kikavu. Baadaye tukapima kwa mgongo wa mkono, kwanza bila kugusa, kisha kwa kugusa, sentimita kwa sentimita.

Mchana, mabegi yakiwa tayari mgongoni, mdogo wangu aliteremka ufukoni kufukua vile vijiti vinne na vipande vya kamba. Nilimwona akisimama juu ya ule mstari wa koni na magome, akautazama mbele na nyuma mpaka ulipopotea kwenye kona ya bwawa. Binamu yetu alipiga magoti kwenye shimo la moto mara ya mwisho, akazamisha mkono kwenye tope hadi kiwikoni, akaukalisha humo kwa muda mrefu. Alipoutoa ulikuwa wa baridi kabisa. Ndipo tukaondoka.