Siku moja na tando za kuchujia maji

Saa 1 asubuhi. Kazi yangu ni kutengeneza tando, karatasi nyembamba zenye vitundu vya kuchujia maji, na kabla ya chai natazama kipimo cha unyevu hewani. Mashine zitanisubiri, hali ya hewa hainisubiri.

Myeyusho umekorogwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 60. Ndani yake mna polietersalfoni (polima, yaani plastiki, itakayokuwa utando wenyewe) karibu asilimia 15 kwa uzito, kiyeyushi, na polima nyingine inayoyeyuka majini ambayo kazi yake ni kusaidia vitundu kufunguka. Nazima kikorogeo niuache utulie. Ni mzito kama asali, na kiputo cha hewa kikinaswa humo, kesho ni tundu kwenye utando.

Saa 3. Glavu, miwani, feni ya kunyonya mvuke. Viyeyushi vya kazi hii, NMP kwa mfano, hupenya ngozi na vinaweza kudhuru uzazi. Hapo sina mzaha na mtu.

Saa 4. Sasa ndiyo kazi yenyewe. Namwaga myeyusho juu ya kioo na kuusambaza kwa kisu chenye uwazi wa mikromita 200, yaani sehemu ya tano ya milimita, chini yake. Kioo kinakaa kidogo kwenye hewa yenye unyevu, halafu kinazamishwa kwenye hodhi la maji. Sekunde chache tu, tabaka lililokuwa halina rangi limekuwa jeupe! Maji yameingia, kiyeyushi kimetoka, na polima isiyopatana na maji imeganda. Palipokuwa na kimiminika pamebaki vitundu. Ukilizamisha moja kwa moja, uso huganda upesi ukawa ngozi yenye vitundu vidogo mno. Ukiliacha kwanza kwenye hewa yenye unyevu, vitundu vya juu hupanuka. Hiyo ndiyo sababu ya kipimo cha asubuhi. Watafiti Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitumia hodhi la maji huko California takriban mwaka 1960, wakitafuta utando wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Polima zimebadilika, kanuni ni ileile.

Saa 6 hadi saa 8, kuosha. Maji yanabadilishwa, yanabadilishwa tena. Tando za kukaushwa hupitia gliserini kwanza, la sivyo vitundu hujifunga na unabaki na karatasi ya plastiki.

Saa 9. Jaribio la kiputo. Nalowesha utando, naubana, naongeza presha ya hewa upande mmoja. Tundu kubwa kuliko yote ndilo hutoa kiputo cha kwanza, kwa hiyo kiputo cha mapema ni habari mbaya. Utando wenye vitundu vya mikromita 0.2 nautarajia uvuke bar 3 bila kiputo (bar 1 ni karibu sawa na presha ya kawaida ya hewa). Kipande kimoja leo kimetoa kiputo kabla ya bar 1. Kinatupwa, ingawa kasi yake ya kupitisha maji ilivutia sana; utando uliotoboka siku zote una kasi.

Saa 10. Mwanafunzi anayechukua sampuli anauliza, "Huu utaondoa na chumvi?" Namwambia hapana. Tope na bakteria wengi watabaki juu; virusi wengi na chumvi iliyoyeyuka vitapita. Chumvi inataka utando mwingine na presha kubwa zaidi. Anaitikia kwa kichwa, lakini naona hajaridhika, basi naandika kwenye lebo kwa herufi kubwa: SI KWA MAJI YA CHUMVI.