Pakiti za sifuri

Jana kijana wetu wa mafunzo kanitumia marekebisho, kafuta mstari mmoja kwenye draiva, programu inayoendesha kadi ya mtandao. "Kaka, huu haufanyi kitu. Nimeutoa, mtandao uko vilevile." Kwenye kompyuta yake ni kweli. Mashine ya kawaida ya x86 (prosesa za Intel au AMD), mstari wenyewe, dma_sync_single_for_cpu, unaoomba data iliyoletwa na kadi ifikishwe kwa prosesa, upo kama haupo.

Nikakumbuka zile seva mpya.

Tulihamia kwenye mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) zenye kumbukumbu iliyosimbwa, isiyosomeka kutoka nje, kadi ya mtandao tukaipitisha moja kwa moja ndani. Draiva ya muuzaji, ileile ya miaka yote. Mtandao ukagoma. Kebo, swichi, ngome ya mtandao (firewall): kila mtu akamsukumia mwenzake.

Usiku tukafungua tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti, ituoneshe baiti zenyewe kwa heksadesimali. Pakiti zinafika, tena kwa urefu wake: ping ya kawaida, baiti 98, barabara. Ndani sasa: 0000 0000 0000, mstari hadi mstari. Anwani ya mtumaji sifuri, ya mpokeaji sifuri. Nikadhani macho yamechoka.

Dada niliyekuwa naye zamu, si mtu wa maneno mengi, akaandika kwa mkono pande zote mbili ARP, yaani anwani za kadi ambazo kwa kawaida hutafutwa kwa pakiti ndogo, kisha ping -s 1400, ping yenye baiti 1400 za data. Ikajibu! Akashusha hadi 100, kimya. Akapandisha taratibu, pakiti ilipovuka baiti 256, majibu yakarudi. "Kopibreki," akasema, akaenda kuchemsha chai.

Kumbukumbu ikisimbwa, kadi haiwezi kuifikia bafa ya draiva, sehemu ya kumbukumbu ya kupokelea pakiti. Inaandika pembeni, eneo liitwalo swiotlb lililoachwa wazi bila kusimbwa, na kerneli, kiini cha mfumo, hunakili kuingiza ndani pale draiva inapoomba sync (kazi ya mstari ule) au inapoiachia bafa. Pakiti kubwa ziliachiwa bafa zake, zikapona. Ndogo zilinakiliwa chapchap (ndiyo kopibreki) na bafa ikarudishwa kwenye foleni bila sync. Mzigo uko getini, hakuna aliyetumwa kuubeba. Urefu ulikuwa sahihi kwa sababu husomwa kwenye deskripta, rekodi ndogo za kila pakiti, ambazo zilikuwa eneo la wazi tangu mwanzo.

Tukawasha mashine ya kawaida, isiyo pepe, kwa swiotlb=force, yaani kulazimisha data ipitie eneo lile la pembeni. Nayo ikagoma. Sijawahi kufurahia hitilafu kiasi kile.

Aliyeandika draiva ile sijui nimlaumu vipi. Kwa mashine alizokuwa nazo, angepima mwaka mzima asione tofauti. Wenye kadi tuliwatumia marekebisho, ya mstari mmoja. Wakajibu kwa adabu kwamba kadi hiyo haijaidhinishwa kutumika kwenye mashine pepe.