Wiki ya kumi na tatu

Juni 2018, Jumatano, wiki ya kumi na tatu ya muhula wa chuo. Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa na test ya pili ya boriti, na mimi zamu yangu ya Jumatano hiyo kwenye steshenari pale Msewe, Dar es Salaam, ilianza saa kumi na moja jioni.

Hesabu niliyopiga mwanzoni mwa muhula ilikuwa sahihi, na ndiyo maana nilichelewa kuona kosa. Nilikuwa na krediti 64. Krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi: lekcha, maabara na kujisomea vyote humo. Jumla saa 640. Ukizigawa kwa wiki 17, yaani 15 za masomo na mbili za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, unapata karibu saa 38 kwa wiki. Steshenari ilikuwa siku nne, saa tano kila siku, hivyo 20. Jumla 58. Mtu anazimudu, bado analala na kufua. Kwa zamu nililipwa shilingi 5,000, na bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, ya 510,000 ilipaswa kunifikisha siku 60, wakati mwenye geto alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Kazi niliihitaji.

Tatizo ni kwamba 58 ilikuwa wastani. Wiki ya tatu nilikuwa nakaa nyuma ya kaunta saa nzima bila mteja, desa, yaani notisi za lekcha, mkononi. Wiki ya kumi na tatu foleni ilifika barabarani, maana mwaka wa nne walikuwa wanakusanya ripoti za miradi Alhamisi hiyohiyo.

Mteja wa kwanza alikuja na flashi: ripoti ya kurasa 86, nakala tatu. Niliifungua kwenye kompyuta ya duka, nikaprinti, nikaanza kupanga. Nakala ya tatu ikiwa inatoka, akapekua ya kwanza akanyamaza. Kisha: "Dogo, mbona jedwali langu limekatika nusu?" Kompyuta yetu haikuwa na fonti aliyoandikia. Ilikuwa imeweka nyingine pana kidogo, mistari ikasukumana, na ripoti ikawa na kurasa 91 huku ukurasa wa yaliyomo ukihesabu 86. Nakala tatu ni karatasi 273, kwa shilingi 100 kila moja ni 27,300, zaidi ya malipo yangu ya wiki nzima. Tulikubaliana alipe nusu. Kuanzia hapo kila aliyenipa flashi nilimwambia arudi kwenye kompyuta yake aigeuze iwe PDF kwanza, na nilitukanwa na wawili.

Mnamo saa mbili mashine ikaanza kula karatasi. Si ubovu. Hewa ya Dar ina maji, na rimu ikishafunguliwa ikakaa wazi tangu asubuhi, karatasi zinavuta unyevu na kushikana, mashine inavuta mbili badala ya moja. Dawa yake ni kuacha zilizobaki ndani ya ganda lake, kutoa kama mia tu, kuzipepea kwa kidole kama mtu anayehesabu noti, halafu ndipo uzipange kwenye trei. Anayetaka pande mbili unamwomba asubiri: karatasi ikitoka upande wa kwanza ni ya moto na imejikunja, ukiirudisha hapohapo inakwama palepale. Usiku ule hakuna aliyekubali kusubiri, nami nikawa mwoga wa kusema hapana. Nilifungua mlango wa ubavuni mara saba. Mara ya saba niliivuta karatasi kwa nguvu kinyume na mzunguko wa rola, ikachanika, kipande cha ukubwa wa ukucha kikabaki ndani. Dakika ishirini na koleo la nyusi nililoazima saluni ya jirani.

Spairo, ule msokoto wa kushikilia kurasa, nayo ina adabu yake. Mashine yetu ya kutoboa ilimudu karatasi 15 vizuri. Ukiipa 25 mpini unashuka, ndiyo, lakini za chini zinateleza na matundu yanakwenda mshazari, ukija kupitisha spairo haipiti. Kwa haraka nilitoboa furushi moja upande wa kulia. Nilikuwa nimeligeuza kifudifudi. Karatasi 15 tena.

Saa nne kasoro dakika kumi, giza. Sote tukachungulia nje kama ilivyo desturi, tukaona saluni inawaka. LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha. Mama mwenye duka alikuwa Kimara, simu yake haipokelewi. Nilinunua ya 5,000 kwa pesa yangu, tokeni ikachelewa, na wateja tisa walisimama na tochi za simu wakinisomea namba ishirini, wengine mbele ya wenzao, hadi nikakosea mara mbili.

Nilifunga saa sita na dakika ishirini. Mfukoni nilikuwa na karatasi zilizoharibika, ambazo nyuma yake nilizoea kukokotoa maswali. Nilikokotoa hadi saa tisa.

Swali la pili la test: boriti ya mita 6, imeegemea ncha zote mbili, imebeba mzigo uliosambaa sawasawa, kilonyutoni 10 kwa kila mita. Kila egemeo linabeba 30. Hilo nilipata. Momenti kubwa, kipimo cha jinsi mzigo unavyoipinda boriti, ni 10 mara 36, gawanya kwa 8: 45. Niliandika 90. Niliukusanya mzigo wote, 60, nikauweka katikati kana kwamba kuna nguzo imesimama juu yake pale, nikazidisha kwa 6 na kugawanya kwa 4. Mchoro wangu ukatoka pembetatu badala ya upinde. Ni kosa ambalo hata mwaka wa kwanza hawalifanyi wakiwa macho. Nilipata 6 kati ya 15.

Jumamosi nilimpelekea mama mwenye duka ratiba, wiki za test na za UE nimezizungushia kalamu nyekundu. Nilimwomba anipumzishe wiki hizo, nimfidie kwa zamu za ziada wiki nyingine. Aliitazama karatasi muda mrefu. Akanirudishia ile 5,000 ya LUKU, kisha akasema, "Wiki hizi ulizozungushia ndizo nakuhitaji, mwanangu. Hizo nyingine naweza peke yangu."

Hakukuwa na la kubishana. Mwezi uliofuata nilipata duka la vifaa vya ujenzi Mbezi, Jumamosi na Jumapili, kuandika mzigo unaoingia na kutoka: saruji, nondo za milimita 12, misumari kwa kilo. Kazi ya jua na vumbi, saa tisa kwa siku, lakini anayejenga choo hajui test yetu ni lini.

Mama aliendelea kuniwekea karatasi zilizoharibika chini ya kaunta. Nilizipitia Jumatatu nikitoka lekcha, bunda zima, mbele mradi wa mtu uliokatika jedwali, nyuma peupe.