Nilivyopaka vioo dawa ya nano bila kupuliza

"Puliza, acha ikauke, sahau." Ushauri huo wa muuzaji wa dawa ya kufanya kioo kijisafishe uliniharibia vioo sita vya kwanza, na bado naona watu wanaurudia.

Kwanza tujue tunazungumzia dawa ipi, maana zipo mbili zinazouzwa kwa jina moja la "nano", yaani chembe ndogo mno. Ya kwanza hufanya maji yawe matone yanayobingirika, kama kwenye jani la gimbi. Ya pili, niliyotumia mimi, ni titani dioksidi aina ya anatase. Hii hufanya kinyume: maji hutandaa utando mmoja na kuteremka na uchafu. Huamshwa na mionzi ya urujuanimno ya jua, yenye urefu wa wimbi chini ya nanometa 388 hivi (nanometa ni sehemu ya bilioni ya mita), kisha huunguza masizi na mafuta ya vidole taratibu. Chumvi ya bahari na vumbi la barabarani haili. Hayo husubiri mvua au ndoo yako. Mteja wa pwani mwambie hilo kabla hajalipa. Ndani ya nyumba, chini ya taa za LED, usimuuzie kabisa.

Sasa kosa langu. Niliimwaga dawa kwenye bunduki ya rangi, kompresa kwa shinikizo la bar 3, nikafunga madirisha yote ya ukumbini eti vumbi lisiingie. Kwa dakika kumi nilijiona fundi. Jua lilipopiga, kioo kikawa na michirizi ya zambarau na njano kama dizeli juu ya dimbwi, pembeni kuna ukungu wa maziwa. Sababu ni kwamba anatase hupinda mwanga zaidi kuliko kioo (kipimo cha kupinda ni kama 2.5 kwa 1.5), kwa hiyo utando ukizidi makumi machache ya nanometa unaanza kurudisha mwanga. Kwenye paneli ya sola kosa hilohilo linakuibia umeme.

Lakini michirizi ilikuwa nafuu. Tone likiruka, maji yake hukauka hewani na kubaki chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Barakoa yangu ya kitambaa haikuzuia kitu. Unga mweupe niliukuta hadi puani. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka titani dioksidi kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani, na hofu hiyo inatokana na vumbi linalovutwa, hasa majaribio ya panya. NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, mwaka 2011 ilipendekeza kikomo cha miligramu 0.3 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa chembe za nano, wakati zile kubwa kidogo zimepewa 2.4. Wala usidhani dawa isiyo na nano ni salama kupuliza. Ujerumani mwaka 2006 watu karibu 100 walibanwa kifua baada ya kutumia kopo la kupuliza liitwalo Magic Nano, na lilipopimwa halikuwa na chembe za nano. Ukungu wenyewe una hatari yake.

Kilichofanya kazi ni kitambaa. Osha kioo, kisha sugua kwa unga wa seriamu oksidi (wa kung'arishia vioo) uliolowana. Adui mkubwa ni silikoni ya fremu, ikibaki hata kidogo dawa inajikunja. Suuza kwa maji ya betri yasiyo na asidi. Maji ya kisima yataacha chokaa chini ya utando na huitoi tena. Pitisha isopropili, ile alkoholi ya kusafishia. Kisha weka dawa kama mililita 10 kwa mita ya mraba kwenye maikrofaiba, mlalo halafu wima, ufute kabla haijakauka. Fanya saa moja hadi saa tatu asubuhi; adhuhuri kioo kina moto, dawa inakauka mkononi. Glavu na miwani vaa, madirisha wazi.

Ukutani je? Usipake moja kwa moja juu ya rangi ya kawaida. Inaila gundi ya rangi hiyo, ukuta unaanza kutoa chaki. Weka kwanza tabaka la silika liitenge dawa na rangi.

Ujanja ninaoupenda wa kupima kama dawa inafanya kazi ni methilini bluu, ile ya wafuga samaki. Baada ya siku mbili za jua, weka tone jembamba kwenye kioo kilichopakwa, jingine kwenye kisichopakwa, na la tatu kwenye kilichopakwa lakini kimefunikwa kadibodi. Kioo kitupu ni lazima, kwa sababu rangi hiyo hufifia yenyewe juani. La kwanza likiwahi kufifia kuliko mengine, dawa yako ni ya kweli. Kopo moja nililoletewa halikufifisha chochote. Nililirudisha na vioo vyangu vya ushahidi, pesa nikapewa bila mabishano.

Vile sita nilivisugua upya kwa seriamu, siku mbili mkono unauma, vikiwa vimelowa muda wote. Msasa mkavu ungerudisha unga uleule hewani. Matambara niliyafunga kwenye mfuko yakiwa bado na maji. Ukiyakung'uta makavu umepuliza upya.